Mnyororo wa Simu wa Bonde la Mossop

Glenys Tatnell alikuwa jikoni akikoroga siagi ya limau ya kuuza kwenye gulio la kikosi cha zimamoto, Dean Burgoyne alipobisha mlango wa nyuma, akavua buti zake kizingitini na kuingia na soksi. Dean ndiye nahodha wa kikosi hicho cha kujitolea. Kila akija na habari njema huanza kuongea tangu getini. Siku hiyo aliingia kimya, akavuta kiti, akaanza kukitazama kikombe cha chai alichowekewa kama kimemkosea.

"Glenys, Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Nilikaa pale kwenye korido nafuma, simu iko ubavuni, nangoja zoezi lako. Nikangoja weee, nikajisemea, Dean kasahau."

"Sikusahau. Nilikupigia. Nikarudia, nikarudia tena."

"Haikulia."

"Mimi niliambiwa mtu huyu hapatikani."

"Hapatikani!" Glenys akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Nimeolewa kwenye nyumba hii, nimemzika mume nikiwa kwenye nyumba hii, na sijapata siku moja kutopatikana."

Mnyororo wa simu wa Bonde la Mossop hauna siri. Moto ukionekana msituni, nahodha anampigia Glenys. Glenys anampigia wa pili, wa pili anampigia wa tatu, hivyohivyo nyumba hadi nyumba mpaka mwisho wa barabara, na mtu wa mwisho anampigia Glenys kumwambia kwamba mnyororo umefunga. Simu hiyo ya mwisho isipokuja, Glenys anajua kuna nyumba haijapata habari, na nahodha anatuma gari. Amekaa kwenye kichwa cha mnyororo huo tangu mama mkwe wake alipomwachia, miaka michache baada ya moto wa mwaka wa sitini na saba, ule ulioteketeza nusu ya kusini ya Tasmania kati ya asubuhi na chai ya jioni. Asipoitika Glenys, bonde zima limelala.

"Jumatano tuna kikao," Dean akasema. "Kabla msimu wa moto haujafunguka. Kuna wanaosema mnyororo uanzie kwa mtu mwingine. Wanasema labda masikio…"

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu wana majina, Dean."

Dean akanywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja.

Alipoondoka, Glenys alikwenda kwenye korido akainua simu. Ilikuwa simu nzito ya rangi ya maziwa, yenye waya uliojipinda kama mkia wa nguruwe. Miaka yote ukiinua simu hiyo ilikuwa inakuungurumia sikioni kama paka. Sasa ilikuwa kimya. Aliitikisa, akaipuliza, akaiweka, akaiinua tena. Kimya kilekile. Kumbe ndiyo maana dadake aliyeko Burnie hajapiga wiki mbili hizi, na yeye alikuwa amekwisha kumnunia.

Basi laini imekatika, akajua. Tawi la mkaratusi limeangukia waya mahali fulani. Akachukua simu ya mkononi aliyonunuliwa na binti yake, akatoka nje. Kabla ya kutoka alipita soketi moja baada ya nyingine, akizima swichi ukutani: birika, redio, kibaniko cha mkate, taa ya kufumia. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyomlea binti yake. Kisichotumika kinazimwa ukutani, hasa joto likianza. Nyumba ya mbao, bonde kavu, radi za Desemba: nani aache umeme ukizurura ndani ya kuta bila kazi?

Bonde la Mossop halina mnara. Ukitaka simu ya mkononi ishike, unapanda na gari hadi geti la juu la shamba la kondoo, unasimama juu ya chuma cha chini cha geti, unageuka upande wa Hobart. Glenys akapanda na pikapu yake, akasimama juu ya geti, akapiga kampuni ya simu. Akasikilizishwa kinanda. Mwishowe ikaja sauti ya msichana, laini na yenye subira.

"Naitwa Jasleen. Nikusaidie nini, Bi Tatnell?"

"Niite Glenys, mwanangu. Laini yangu imekatika. Tumeni mtu wa ngazi."

"Pole sana, Glenys. Hebu niangalie." Vidole vikasikika vikicheza. "Naona modemu yako haipo mtandaoni. Unaweza kunitazamia taa zake? Ya umeme, ya intaneti, ya Wi-Fi na ya simu."

"Modemu ndiyo nini?"

"Kile kisanduku cheusi alichokufungia fundi mwezi wa Machi."

"Ah, kile. Kiko nyumbani."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko juu ya geti."

Jasleen akaanza kueleza, na hapo ndipo Glenys alipopotea. Modemu, alisema, ni ruta pia. Ruta ndiyo inayogawa mtandao nyumbani, kwa Wi-Fi ama kwa waya wa ethaneti. Kila kifaa kina anwani yake ya IP. Simu yake sasa ni ya intaneti, imechomekwa kwenye mlango wa simu wa modemu, siyo kwenye soketi ya ukutani kama zamani. Glenys aliitikia "ndiyo" kila palipokuwa na pengo, kama mtu anavyoitikia misa kwa lugha asiyoijua. Kati ya maneno yote hayo aliambulia moja tu: taa.

"Nikatazame taa," akasema.

"Katazame, kisha unipigie. Nitakuwekea faili wazi."

Akashuka na gari. Kisanduku kilikuwa kwenye rafu chini ya simu, kimejaa vumbi, hakina hata taa moja inayowaka. Bila shaka hakina, akajiambia, kimezimwa. Alikizima mwenyewe mapema mwezi huu joto lilipoanza, maana yeye intaneti haitumii. Akawasha swichi ukutani ili msichana apate jibu lake. Baada ya kitambo taa zikaanza kufumbua macho, moja, nyingine, mpaka zote nne zikawa za kijani. Akazisoma kwa sauti ili zisimtoke kichwani. Kisha, kwa kuwa alikuwa anatoka, mkono wake ukapita ukutani ukazima kila kitu, na kisanduku kikiwemo, wala hakujua kwamba mkono umefanya hivyo.

Juu ya geti upepo ulikuwa umezidi.

"Zote za kijani," akamwambia Jasleen kwa fahari.

"Kijani?" Vidole vikacheza. "Glenys, kwangu hakipo kabisa. Kilionekana dakika chache, kikapotea."

"Nimekiona kwa macho yangu haya mawili."

"Hukukigusa?"

"Sijakigusa."

"Waya wa umeme haujalegea?"

"Mwanangu, kiko kama alivyokiacha fundi."

"Basi huenda ni kebo. Au mpangilio umejifuta. Ukirudi, bonyeza kitufe cha nyuma kwa pini, hesabu polepole, kitajiwasha upya…"

Kichwa kikamzunguka. Aliposhuka kwenye geti, goti lilikuwa linamuuma, na maneno yalikuwa yamechanganyika: ruta imefutika, kebo ina anwani, pini iingie kwenye Wi-Fi. Alikaa ndani ya pikapu bila kuwasha injini. Kilichomchoma hasa hakikuwa kutoelewa. Alikumbuka yule fundi wa Machi. Kijana alikuwa na haraka, ana nyumba nyingine saba siku hiyo. Alichomoa, akachomeka, akasema maneno hayahaya kwa kasi ya mnadani, akamsainisha kwenye kioo cha simu yake kwa ncha ya kidole, akaondoka. Bonde zima lilibadilishiwa simu kwa namna hiyo, mlango kwa mlango. Hakuna hata mtu mmoja aliyeulizwa. Hakuna aliyekaa chini na kikombe cha chai akasema: mama, kitu hiki kinaishi kwa nini na kinakufa kwa nini. Halafu sasa akishindwa, itasemwa ni masikio.

Alipofika nyumbani alimkuta Ziggy barazani. Ziggy, jina lake kamili Zbigniew Wolanin, anakaa nyumba ya mkabala, ng'ambo ya barabara. Alikuja kutoka Poland akiwa kijana kujenga mabwawa ya umeme milimani, akabaki. Katika mnyororo yeye ndiye wa mwisho.

"Mbona unapanda na kushuka kama lifti?" akauliza. "Una mchumba huko juu?"

"Ningekuwa naye nisingekuambia wewe, ungemwibia kofia. Simu imekufa, Ziggy. Na wanataka kunitoa kwenye mnyororo."

Ziggy akaacha utani. Akaingia, akawasha swichi ya taa ya korido aone vizuri, na kwa kuwa swichi zile mbili zimekaa pamoja ukutani, akawasha na ya kisanduku. Akapiga magoti mbele yake.

"Hii ndiyo Wi-Fi," akatangaza.

"Yule binti anasema ni modemu."

"Wi-Fi ni jina lake la nyumbani."

"Anasema ni ruta pia."

"Sasa kitu kimoja majina matatu, kinamkwepa nani, polisi?" Akachomoa waya wa simu kisandukuni, akauchomeka kwenye soketi ya zamani ukutani. Akasikiliza. "Kimya."

"Rudisha ulipoutoa. Usije ukanivunjia."

"Nimejenga bwawa mimi."

"Hili siyo bwawa, babu. Rudisha."

Akarudisha. Glenys akaenda kuweka maji ya chai, na Ziggy akabaki pale chini akitazama taa zikifumbua macho moja moja, akizitaja rangi kwa Kipolandi. Birika halijachemka, simu ikalia.

Ililia vizuri kama zamani, kengele ya chuma ndani ya kifua chake. Ziggy akashtuka akagonga kichwa kwenye rafu. Glenys akaikimbilia.

"Glenys? Ni Jasleen. Nimekuona umerudi mtandaoni, nikasema nijaribu. Umefanya nini sasa hivi?"

"Sijafanya kitu! Ziggy alikuwa anakitazama tu."

"Kimewaka muda gani?"

"Tangu alipowasha."

"Alipowasha? Kwani kilikuwa kimezimwa?"

"Ndiyo, huwa nakizima ukutani. Mimi intaneti siitumii, mwanangu. Kwa nini nikiache kinaunguza umeme?"

Upande wa pili vidole vikaacha kucheza.

"Glenys," Jasleen akasema polepole, "simu yako ndiyo intaneti. Hakuna laini nyingine. Sauti yako inaingia kwenye kisanduku hicho, inakatwakatwa vipande vidogo, kila kipande kinaandikwa anwani, vinasafiri, na mbele vinaungwa. Ukikizima, huna simu."

Glenys akakaa kwenye kiti cha kufumia. Alipoolewa, simu ya bonde ilikuwa waya mmoja kwa mashamba yote, na kila shamba lilikuwa na mlio wake: kwao mrefu, mfupi, mrefu. Mlio ukipita, ulijua unamwita nani, ingawa wote mlikuwa mnausikia, na wengine walikuwa wanainua kimyakimya kudaka umbea.

"Kwa hiyo hiyo anwani ya IP," akasema, "ni kama mlio wa kila shamba. Waya ni mmoja, lakini kila mmoja anajua wake."

"Ndiyo! Ndiyo hasa."

"Na ruta ndiyo inayosema huu wako, huu wa jirani."

"Umeelewa kuliko nilivyoeleza."

"Hapana, hayo mengine ya kukatwa vipande sijayaelewa hata kidogo. Nikuulize jambo. Umeme ukikatika?"

"Kisanduku kitazimika."

"Na simu?"

"Nayo."

"Ile ya zamani ilikuwa haizimiki. Mwaka wa sitini na saba nguzo za umeme zilianguka asubuhi, na mama mkwe alikuwa bado anapiga simu mchana, waya wenyewe ulikuwa unakuja na umeme wake. Moto ukija, mwanangu, kitu cha kwanza kwenda ni umeme."

"Kampuni inashauri wateja wawe na simu ya mkononi kwa dharura," Jasleen akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma.

"Na mimi nilikuwa wapi nilipoongea nawe mara mbili leo?"

"Juu ya geti," Jasleen akasema. Halafu, kwa sauti yake mwenyewe: "Mungu wangu. Nimekuelewa."

Jumatano ukumbi wa kikosi ulijaa. Watu waliketi kati ya gari la zimamoto na meza ya chai. Dean alifika kwenye ajenda ya mnyororo akaanza kukohoa, na Glenys hakumngoja amalize. Akasimama.

"Simu yangu ni nzima na masikio yangu ni mazima," akasema. "Nilikuwa nazima kile kisanduku ukutani. Ndiyo, chekeni."

Wakacheka kweli, na aliyecheka zaidi ni yule aliyesema habari za masikio. Glenys akangoja kicheko kikauke.

"Sasa semeni ukweli. Nani mwingine anakizima?"

Mkono mmoja ukapanda nyuma, wa mwanamke aliyesema anazima usiku ili watoto walale. Mwingine anazima akienda mjini. Mwingine anazima kukiwa na radi, kwani si lazima? Mikono ikaendelea kupanda, polepole, kwa aibu, mpaka Dean aliyesimama mbele akatazama dari, akainua wa kwake.

"Nikitoka na gari la zimamoto," akasema, "nazima nyumba nzima. Nyumba yote. Na mke wangu yumo kwenye mnyororo."

Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu alikuwa akihesabu kimoyomoyo nyumba za barabara yake. Mnyororo walioutegemea ulikuwa umekatika sehemu zaidi ya kumi, miezi yote hiyo, na hakuna aliyekuwa amejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameelezwa. Zoezi la Alhamisi lilikuwa limemkamata Glenys kwa kuwa tu ndiye wa kwanza.

"Tuwashe basi, tusizime," mtu akasema. "Imekwisha."

"Haijaisha. Siku ya moto mti ukiangukia nguzo, vitazimika vyote pamoja, na hutapata wa kumlaumu." Glenys akamgeukia Ziggy. "Waambie ulichosoma nyuma ya kile kisanduku."

"Volti kumi na mbili," Ziggy akasema bila kusimama, mdomo umejaa biskuti. "Sijui kinafanya nini, lakini najua kinakula nini. Chakula kilekile cha betri ya uzio wa umeme."

Hapo ukumbi ukaanza kuunguruma. Betri ya uzio ni kitu ambacho hakuna shamba la Mossop lisilo nacho; ndiyo inayozuia ng'ombe, na paneli ya jua inaijaza. Mmoja akauliza: na lile kabati la kijani barabarani, zinakopita laini zote, lenyewe linakula nini? Dean akasema lina betri zake ndani. Zinadumu muda gani? Hilo Dean hakulijua. Wakakubaliana kampuni iulizwe kwa maandishi na ijibu, na mpaka ijibu, ile honi ya tahadhari ya kuzungusha kwa mkono iliyokuwa ikiota kutu stoo itolewe, itiwe mafuta, iwekwe barazani kwa Glenys. Kuhusu kichwa cha mnyororo, Dean aliuliza kama kuna jina jingine. Halikutajwa.

Zoezi lilirudiwa Alhamisi iliyofuata, na safari hii Dean aliagiza kila nyumba ishushe swichi kubwa ya umeme, kama siku ya moto wenyewe. Friji ya Glenys ikanyamaza. Saa ya jiko ikazimika. Kwenye rafu, kisanduku kilikuwa kimefungwa kwa waya wa Ziggy kwenye betri ya uzio iliyoketi chini juu ya gazeti, na taa nne za kijani zilikuwa zinamtazama. Swichi ya ukutani ilikuwa imebandikwa plasta ya jeraha, kwa sababu asubuhi ile mkono wake ulikuwa umeifikia mara mbili.

Dean akapiga. Glenys akaitika kabla mlio haujakamilika, akampigia wa pili, akaweka simu chini. Kazi yake iliyobaki ilikuwa kungoja.

Alisimama dirishani. Bonde lilikuwa na mwanga mkavu wa saa za alasiri, nyasi zimeanza kuwa rangi ya simba. Mahali fulani kule juu mtu alikuwa anampigia mtu. Au hakuwa anampigia. Ungejuaje? Zamani ungeinua simu ukasikia pumzi za majirani. Sasa sauti zinakatwa vipande na kutumwa, na yeye alikuwa anaombwa aviamini. Akazitazama taa. Hazikumwambia kitu. Akafikiria mwanamke wa watoto, akafikiria mke wa Dean, akafikiria waya mmoja tu uliolegea kwenye betri moja tu.

Ng'ambo ya barabara Ziggy alitokeza kwenye dirisha lake, simu sikioni, anatikisa kichwa kumsikiliza mtu. Umefika kwake. Glenys aliona midomo yake ikisema sawa, sawa. Angeweza kumpungia mkono tu, wakamaliza. Lakini wa mwisho hupiga. Ziggy akavaa miwani, akaanza kubonyeza namba kwa kidole chake kinene, akakosea, akatukana, akaanza upya, na Glenys akajikuta ameshika pazia kwa nguvu.

Simu ikalia.

"Mnyororo umefunga," Ziggy akasema. "Na pazia lako limepinda."

Glenys alikuwa anamwona na kumsikia, midomo ikitangulia na sauti ikifuata nyuma yake kidogo sana, kama mtu anayejifikiria kabla ya kuingia.

"Ziggy," akasema, "unaelewa inavyofanya kazi?"

Ng'ambo, Ziggy akainua mabega mpaka masikioni.

"Hata chembe. Wewe?"

"Wala mimi," akasema Glenys, akaweka simu chini. Ili ampigie Dean kwamba mnyororo umefunga, mkono wake ukachukua kalamu badala ya simu; akacheka peke yake, akaiweka kalamu, akainua simu.